Deni la Baba na Miaka Kumi na Miwili

(Mada iliyotolewa kwa vijana baada ya Swala ya Taraweh, Membley)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Shukrani zote ni za Allah (S.W.T), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), aali zake na sahaba zake.



Mwenyekiti aliponiomba nizungumzie madeni nilitaka kukataa. Mimi si sheikh wala si wakili, ni mwanafunzi tu. Lakini deni nalijua. Limekaa na sisi nyumbani miaka mingi kama mgeni asiyeaga. Mama amenipa ruhusa nisimulie, kwa hivyo nitasimulia.

Baba yangu, Allah amrehemu, alichukua mawe, simiti na mabati kwa mkopo ili amalizie vyumba vya kupangisha. Biashara ikaanguka, akashindwa kulipa. Mzee aliyemkopesha akaenda mahakamani, na mwezi wa Juni 2014 hukumu ikatoka: baba alipe shilingi 400,000 pamoja na gharama ndani yake. Hakulipa. Si kwamba alikuwa mkaidi, lakini kila mwaka ulikuwa na shida zake, na mwisho akawa anamkwepa yule mzee hata njiani. Mwaka 2021 baba akafariki, na deni likabaki.

Mwaka jana, 2025, ikaja barua ya wakili. Walidai 400,000, na juu yake riba ya asilimia 6 kwa miaka 11, yaani 264,000. Jumla 664,000. Mama aliketi chini.

Ami yangu akatuambia, "Msijisumbue. Deni la hukumu linakufa likitimiza miaka 12. Subirini Juni 2026, nyamazeni kimya, mambo yataisha."

Ndugu zangu, hapo ndipo mtihani ulipo. Kwa sababu ami hakudanganya. Rafiki yangu anayesoma sheria alinionyesha Sheria ya Mipaka ya Muda wa Mashtaka, Sura ya 22 ya sheria za Kenya, kifungu cha 4(4). Hukumu haifuatiliwi baada ya miaka 12, na Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 2007 kwamba muda huo unahusu hata kutekeleza hukumu, si kufungua kesi mpya tu. Kwa hivyo tungenyamaza, na yule mzee naye angezembea, tungekuwa salama mbele ya hakimu. Swali ni moja tu: je, baba angekuwa salama mbele ya Allah?

Tumesoma madrasa sote. Tunajua Mtume (S.A.W) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni, akasita kumswalia mpaka Abu Qatada (R.A) alipojitwika deni lile. Tunajua katika Suratun Nisaa mirathi haigawanywi ila baada ya wasia na deni. Hakuna mahali tulipofundishwa kwamba haki ya mja inaisha kwa kalenda. Na msiseme mdai si Muislamu. Yule mzee ni Mkristo, na haki yake ni haki. Waliomdai baba yake Jabir bin Abdillahi (R.A), aliyekufa shahidi Uhud, walikuwa Mayahudi, na Mtume mwenyewe alikwenda kuwaombea wapunguze. Walipokataa hakusema wanyimwe. Walilipwa tende zao kamili, na kwa baraka za Allah nyingine zikabaki.

Basi mama akasema, "Tutakwenda kuongea naye."

Sasa sikilizeni vizuri, maana wengi wetu hapa Ruiru na Thika tuna wazee wenye hukumu kama hizi ndani ya makabati.

La kwanza, jua hesabu kabla hujakwenda. Kifungu hicho hicho kinasema malimbikizo ya riba ya hukumu hayadaiwi yakishapita miaka 6 tangu yalipostahili kulipwa. Kwa hivyo ile miaka 11 ya wakili haikuwa sawa. Miaka 6 kwa 24,000 ni 144,000. Hata kwa sheria ya nchi deni halikuwa 664,000 bali 544,000. Na sisi Waislamu tunajua riba ni kitu gani. Tunaomba iondolewe yote, lakini tunaomba kwa adabu.

La pili, jua mdai anaweza kufanya nini. Hukumu ikipita mwaka mmoja, kwanza lazima uitwe mahakamani ueleze kwa nini isitekelezwe. Dalali akija kuandika mali, kuna siku saba za kukomboa kabla ya mnada. Nguo za lazima, vyombo vya kupikia na vitanda vya familia havichukuliwi. Mkopaji akiwa amekufa, deni linafuata mali aliyoacha, si mfuko wa mtoto wake. Hapa sheria ya nchi na sharia yetu zinakubaliana. Mtoto akitoa kwake, huo ni wema. Na kuhusu jela, mwaka 2010 Jaji Martha Koome, kabla hajawa Jaji Mkuu, alisema kumfunga mtu kwa sababu tu hana uwezo wa kulipa ni kinyume na mkataba wa kimataifa ambao Kenya imeukubali. Lakini jela ya madeni haikufutwa; mwenye uwezo anayekataa kulipa bado anaweza kufungwa. Na Mtume (S.A.W) alishasema kwamba tajiri kuchelewesha deni ni dhulma.

La tatu, nenda na pesa, usiende na ahadi. Sisi tulikuwa na 260,000. Gari la baba, ambalo tuliliuza baada ya kukamilisha mirathi kwa Kadhi, lilileta 210,000, na mama alipata 50,000 kwenye chama chake. Mzee aliyezungushwa miaka 11 hataki kusikia "tutalipa kidogo kidogo". Pesa iliyopo leo ina uzito kuliko hukumu iliyo kwenye faili.

Siku ya kwanza ilikuwa mbaya. Mzee alitupokea dukani amesimama. Alisema, "Mama, mume wako alikuwa akiniona anavuka barabara." Mimi nikaanza kumweleza kifungu cha 4, naye akazidi kukasirika. Akasema hapokei chini ya 500,000. Tukaondoka.

Njiani mama akaniambia, "Umemletea sheria kabla ya samahani." Neno hilo sijalisahau.

Mara ya pili tulikwenda na imamu wetu, na mzee alikuwa na binti yake. Mama hakutaja pesa kwanza. Alisema, "Mzee, tumekukosea. Mume wangu alikukimbia kwa aibu, hakukudharau. Nimekuja kumuombea msamaha, maana yeye hawezi kuja tena." Mzee alinyamaza muda mrefu. Kisha akamwambia binti yake alete daftari la zamani.

Ndugu zangu, ndani ya daftari lile kulikuwa na mstari wa mwaka 2016: amepokea 80,000 kutoka kwa baba. Sisi hatukuwa na habari, wala risiti hatukuwa nayo. Wakili wake hakuihesabu. Mzee angeweza kulifunga daftari tu, na hakuna ambaye angejua. Alisoma kwa sauti. Akasema, "Basi inabaki 320,000. Riba sitaki. Mna ngapi?" Mama akasema 260,000. Akasema, "Leteni Ijumaa, sitini nimemsamehe marehemu."

Mama alilia. Nami nilikumbuka kisa cha Ka'ab bin Malik (R.A), aliyemdai mwenzake msikitini mpaka sauti zikapanda. Mtume (S.A.W) akafungua pazia akamuashiria apunguze nusu. Ka'ab akakubali, na hapo hapo yule mwingine akaambiwa asimame alipe. Tazameni, pande zote mbili zina wajibu: mmoja anapunguza, mwingine analipa papo hapo. Maulamaa wamehitilafiana juu ya kupunguza deni ambalo muda wake haujafika ili lilipwe mapema, na Baraza la Fiqhi huko Jeddah mwaka 1992 lililiruhusu iwapo halikushartiwa tangu mwanzo. Letu lilikuwa limeshafika muda wake zamani, kwa hivyo ni sulhu na msamaha wa mdai kwa hiari yake.

La nne na la mwisho, andikeni. Ile 80,000 ya mkono kwa mkono ingepotea kabisa, kwa sababu malipo ya nje ambayo mahakama haikuarifiwa, mahakama haiyatambui. Kwa hivyo sisi tulilipa kupitia benki, tukaandika makubaliano kwamba 260,000 ndiyo malipo kamili na ya mwisho, pande zote zikatia sahihi, na yakapelekwa mahakamani ili faili ionyeshe hukumu imetimizwa. Usiridhike na kupeana mikono. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an ni ya kuandika deni.

Ami aliposikia alisema tumetupa pesa, tungesubiri miezi tisa tu. Mama akamjibu, "Miezi tisa ni yetu. Yeye kaburini hana kalenda."

Ndugu yangu, ukifika nyumbani usiku huu muulize mzazi wako, kama yuko hai, anadaiwa na nani. Na wewe unayedai, kama mdaiwa wako ana dhiki kweli, mpe nafasi. Na ukimsamehe, Suratul Baqara inakuambia hiyo ni kheri zaidi kwako. Mwezi huu tunaomba Allah atusamehe, basi na sisi tusameheane.

Allah amrehemu baba yangu, na amlipe yule mzee kwa daftari lake.

Wabillahi Tawfiq. Wassalaam Alaykum Warahmatullahi Wabarakatuh.