Bristol na Meya Wake wa Kura



Tarehe 3 Mei 2012 wakazi wa miji 10 ya Uingereza waliulizwa: mnataka meya mtakayemchagua wenyewe, au kiongozi aendelee kuchaguliwa na madiwani? Birmingham, Manchester, Leeds na mingine 6 ikakataa. Bristol peke yake ikakubali, kwa kura 41,032 dhidi ya 35,880, na waliojitokeza hawakufika robo ya walioandikishwa. Mei 2022 watu wa Bristol waliitwa tena kupiga kura, na safari hii asilimia 59 wakataka cheo kifutwe. Mei 2024 kikafa, madaraka yakarudi kwa kamati za madiwani.

Wapo wanaowalaumu mameya wawili waliokishika, George Ferguson na Marvin Rees. Mimi nailaumu karatasi ya kura ya 2012. Ilieleza nani atamchagua kiongozi, basi. Haikueleza atakuwa na nguvu gani, wala nani ataweza kumzuia.

Na nguvu hizo zilikuwa kubwa. Baraza lina madiwani 70, lakini kubadili bajeti ya meya kulihitaji theluthi mbili ya kura. Kiongozi wa zamani madiwani waliweza kumwondoa kwa kura ya kutokuwa na imani naye, meya hawakuweza. Mwaka 2018 baraza lilipiga kura ukumbi mkubwa wa burudani ujengwe katikati ya mji, karibu na stesheni ya Temple Meads. Kura ile haikumfunga meya, naye akaamua vingine. Sheria ilimruhusu. Lakini diwani aliyetumwa na kata yake arudi kuwaambia nini watu wake?

Wakenya waliiona hatari hii mapema. Katiba ya 2010 iliwapa wananchi kura ya kumchagua gavana, ikaweka pia njia ya kumwondoa, na Desemba 2020 gavana wa Nairobi, Mike Sonko, aliondolewa kwa njia hiyo.

Kwetu Tanzania meya bado huchaguliwa na madiwani, tena kutoka miongoni mwao. Vijana wengi hunitaka nitetee meya wa kura, nami namtetea kwa moyo wote, kwa sababu mkazi wa jiji anastahili kumjua mtu wa kumdai barabara na maji. Ila mtendaji mkuu wa jiji ni mkurugenzi, na huyo huteuliwa na Rais. Tukimchagua meya wenyewe na mamlaka ya mkurugenzi yakabaki yalivyo, tutakuwa tumemchagua mwenyekiti wa vikao.

Kwa hiyo nawaomba: siku mtakapoletewa kura ya namna hii, kabla ya kuuliza nani atagombea, daini yaandikwe waziwazi nani atashika bajeti, nani atamsimamia mkurugenzi, na madiwani wangapi watatosha kumwondoa meya. Yasipoandikwa hayo, ikataeni.