Kupasha Joto Mafuta ya Injini Kubwa katika Nchi ya Baridi
(Maneno ya mazungumzo yaliyosemwa mbele ya wanachama, Uyole)



Yamkini baadhi yenu mmestaajabu kuona katika tangazo kwamba makarani watazungumza habari za mafuta ya injini, maana hiyo ni kazi ya mafundi. Ni kweli. Lakini hakuna kitu cha mtambo kisichopita mezani petu: kwanza huja kama hati ya kuagizia, kisha huwa mstari katika leja, na mwisho, mambo yakiharibika, hurudi kama barua ya kuuliza sababu ya hasara. Basi yafaa tujue kile tunachokiandika.

Mahali petu hapa ni pa juu. Reli ya TAZARA, iliyojengwa tangu 1970 mpaka 1975, ina urefu wa kilometa 1,860 toka Dar es Salaam mpaka New Kapiri Mposhi katika Zambia, na katika mwendo huo wote haipandi mahali palipo juu kuliko hapa Uyole, mita 1,789 juu ya bahari. Mtu aliyekuja kwa gari la moshi kutoka pwani bila blanketi anajua maana yake. Katika Juni na Julai kipimajoto hushuka chini ya digrii 10 kabla ya mapambazuko. Na kama mwili wa mtu unavyoona tofauti hiyo, ndivyo na injini inavyoiona.

Injini ya dizeli, ambayo Rudolf Diesel alifaulu kuiendesha huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, haiwashi mafuta yake kwa cheche. Huvuta hewa na kuibana kwa nguvu. Hewa kwa kubanwa hupata joto kali, hata mafuta yanyunyizwapo humo huwaka yenyewe. Chuma kikiwa baridi hulinyonya joto hilo kabla halijafanya kazi yake. Tena hewa ya hapa ni nyepesi; kani yake ni kama sehemu nne katika tano za ile ya pwani. Ndiyo sababu asubuhi injini hukohoa, hutoa moshi mweupe, na kuzima.

Lakini taabu kubwa zaidi ni mafuta ya kulainisha. Mafuta ya daraja la 40, yatumiwayo katika injini nyingi kubwa, yakiwa na digrii 40 huwa mazito karibu mara kumi kuliko yakiwa na digrii 100. Na yakishuka chini ya 40 uzito huzidi upesi sana. Yaliyokuwa kama uji mwepesi huwa kama asali. Pampu huhangaika kuyavuta, na kwa nukta kadhaa beringi huzunguka bila mafuta ya kutosha. Uharibifu huo hauonekani siku ile. Huhesabiwa baada ya miaka, injini inapofunguliwa. Na injini ya akiba ya umeme katika hospitali haina ruhusa ya kukohoa. Umeme ukikatika mgonjwa yu juu ya meza ya kupasuliwa, hakuna wa kungoja mafuta yalainike.

Dawa yake ni kuyapasha joto mafuta, na maji ya injini pia, wakati injini imesimama, ili yabaki kama digrii 40 usiku kucha. Chombo chenyewe ni hita ya umeme, swichi ya joto inayoiwasha na kuizima, na katika injini kubwa, pampu ndogo ya kuyazungusha.

Kwanza tutaje kazi ya kuweka. Hita ya maji isiyo na pampu hufanya kazi kwa sababu maji ya moto hupanda na ya baridi hushuka. Kwa hiyo hita lazima ikae chini kuliko injini. Bomba la kuingia litoke mahali pa chini, na la kurudi lipande moja kwa moja bila kuinama njiani, maana hewa ikinaswa katika kuinama huko maji hayatembei tena. Mafuta ni mazito, hayapendi kutembea yenyewe. Hayo hupewa pampu. Huvutwa kutoka chini ya sampu, yaani bakuli la mafuta la injini, hupita katika hita, na kurudishwa upande wa mbali. Umeme uunganishwe hivi kwamba pampu ikisimama hita nayo izimike, na injini ikiwaka hita ijitoe. Pande zote mbili za hita ziwekwe vali za kufunga, ili ipate kutengenezwa bila kumwaga mafuta yote; lakini hita isiwashwe kamwe vali hizo zikiwa zimefungwa, maana joto likikosa njia hupasua. Waya wa ardhi usisahauliwe.

Hapa twaomba makarani wasikilize kwa makini, maana ndipo tunapokosea katika kuagiza. Mtu hudhani hita kali ndiyo bora. Sivyo. Mafuta yakigusa chuma chenye moto mno huungua, hugeuka kuwa masizi, na masizi huifunika hita mpaka ikaungua nayo. Hita ya mafuta hutengenezwa kwa makusudi iwe na eneo kubwa na moto wa taratibu. Hita ya maji ya nguvu ileile si badala yake, ijapokuwa bei ni nafuu. Hesabu ni rahisi: lita 500 za mafuta, zikitolewa digrii 10 na kufikishwa 40 kwa hita ya kilowati 3, hutaka kama saa mbili na nusu, na zaidi, kwa kuwa chuma cha injini nacho huchukua sehemu yake. Basi hita huachwa ikiwaka tangu jioni, wala haiwashwi alfajiri kwa haraka.

Pili, kutumia. Mwenye zamu atazame kwanza kipimo cha mafuta na cha maji, ndipo awashe. Aandike katika daftari joto aliloliona kwa macho yake, si lile lililoandikwa jana. Na asiufungue mfuniko wa maji ungali moto. Katika kimo hiki maji huchemka kwenye digrii 94 hivi, hayangoji 100.

Tatu, kutunza. Kila siku yatazamwe matone chini ya mabomba. Kila mwezi zikazwe nyaya, ikaguliwe mipira, ipimwe swichi ya joto. Kila mwaka hita itolewe, ukoko na masizi yaondolewe taratibu. Na siku ya kubadili mafuta, hita izimwe kabla ya kumwaga. Hita iliyoachwa ikiwaka katika bakuli tupu haimalizi saa.

Tunalijua jambo hili la mwisho kwa sababu tuliliona, nasi hatukutoka humo na mikono safi. Katika kituo kimoja cha nyanda hizi, ambacho hatutakitaja, mafuta yalimwagwa hita ikiwaka, nayo ikaungua. Fundi aliandika hati ya kuomba nyingine. Hati ile ilifika kwetu, makarani wa stoo, nasi tukairudisha kwa kuwa namba ya kifungu cha fedha haikuandikwa. Ikaandikwa, ikaja tena. Tukaiweka chini ya nyingine zilizoonekana kubwa. Wiki zikapita, na Juni ikaingia. Fundi, ambaye kila asubuhi aliulizwa kwa nini injini imechelewa, akaanza kuweka jiko la mkaa chini ya bakuli la mafuta. Siku nyingi lilimsaidia. Alfajiri moja tone la mafuta likadondoka juu ya mkaa. Moto ukaruka, ukamshika mikono yote miwili. Injini ilipona. Mikono ya yule fundi haikurudi kama ilivyokuwa, naye hakushika spana tena.

Katika uchunguzi iliandikwa kwamba alivunja amri ya usalama. Ni kweli aliivunja. Lakini hakuna aliyeuliza hati ilikaa siku ngapi katika sinia letu, nasi hatukusema. Jioni hii twasema.

Kwa hiyo tuna maombi matatu kwa wenzetu. Hati ya kitu kidogo cha mtambo isipimwe kwa bei yake, ipimwe kwa kazi inayoingoja. Ikiwa na kasoro, karani ainuke aende karakana akaulize, badala ya kuirudisha kimya. Na kila stoo ya nyanda za juu iwe na hita moja na swichi moja ya akiba kabla ya Mei kuisha, maana baridi yetu haiji kwa kushtukiza. Huja kila mwaka mwezi uleule.

Mabwana na Mabibi, wahenga walisema asiyeziba ufa atajenga ukuta. Sisi tuliuona ufa ule, ulikuwa karatasi moja katika sinia. Na mafundi waliomo humu twawaomba watusahihishe tulipokosea.