Mlio wa Daraja la Zege

Ndugu zangu nyote tuliokula maharage ya shule hii,

Katibu ameniomba niseme machache juu ya kazi yangu. Kusoma michoro ya ujenzi si jambo la kuchangamsha watu walioshiba, basi nitasema juu ya kelele.

Tangu Juni 2024 treni ya umeme hubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na mjini sehemu ya njia yake hupita juu ya daraja refu la zege. Jirani zetu wa Kenya walitangulia: daraja lao la kilometa 6 hivi, katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, lilianza kazi mwaka 2019, nalo likawekewa kuta za kuzuia kelele. Wengi wakiona ukuta husema shauri limekwisha. Mimi nasema limekwisha nusu.

Gurudumu na reli, hata ving'ae vipi, vina mawimbi madogo usoni. Chukua treni iendayo kilometa 72 kwa saa, yaani meta 20 kwa sekunde. Wimbi la sentimeta 2 huitikisa reli mara 1,000 kwa sekunde. Huo ndio mlio mkali, na ukuta huupunguza vizuri. Wimbi la sentimeta 25 huitikisa mara 80. Mtikisiko huu hushuka kwenye mataruma, ukapita katika kokoto, ukaingia katika zege, na sakafu ya daraja ikawa kama ngozi ya ngoma. (Zege lina nafuu. Daraja la chuma lisilo na kokoto hupiga kelele zaidi sana.)

Sauti hiyo nzito ina wimbi la meta 4 na zaidi hewani, kwa hiyo ukuta mfupi hauiwezi. Tena hutokea chini ya sakafu, na ukuta uko juu! Mwenye nyumba jirani husikia ngurumo, na vikombe kabatini hulia.

Akilalamika, huletwa kipimo. Hapo ndipo ninapokereka. Kipimo cha desibeli cha kawaida hufuata sikio, na kwa sauti ya mitikisiko 80 hupunguza desibeli 22 hivi kabla ya kuandika hesabu. Karatasi husema kimya, na mtu hakulala.

Dawa ipo: mikeka ya mpira chini ya kokoto, au mpira chini ya reli. Kusaga reli baadaye husaidia pia. Lakini mkeka hutandikwa kabla ya kokoto kumwagwa. Ukisahauliwa, ni kusimamisha treni na kuzoa kokoto zote.

Wengi wenu mmo katika halmashauri na wizara. Michoro ikifika mezani, ulizeni chini ya kokoto kuna nini, na kama vipimo vitachukuliwa ndani ya nyumba, usiku, bila kupunguzwa. Mwenye kutaka jedwali la hesabu hizi, ninalo mfukoni. Tuonane wakati wa chai.