Alama ya Kidole ni Amana



Buhemba, wilayani Butiama, ni nchi ya dhahabu. Mchimbaji mdogo hupasua mwamba kwa nyundo na mikono mitupu, na kadiri miaka ipitavyo mawe huifuta mistari ya vidole vyake. Mtu huyo akitakiwa kuweka kidole juu ya mashine ili atambuliwe, huenda mashine ikamkataa. Je, nani mwenye kosa?

Swali hilo lilipata uzito mwaka 2019. Tangu Mei mwaka huo, kila mwenye simu nchini alitakiwa kusajili laini yake kwa alama za vidole, zilinganishwe na kumbukumbu za Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa. Mwisho uliwekwa 31 Desemba, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020. Baadaye laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Nia ilikuwa njema: kuwadhibiti matapeli na wahalifu. Lakini simu ya mnyonge ndiyo benki yake. Kumzimia kwa sababu kitambulisho kimechelewa kutoka, au kidole kimechakaa kwa kazi, ni kumwadhibu kwa uchapakazi wake.

Butiama ndiko alikozaliwa Mwalimu Nyerere, aliyefundisha kwamba shabaha ya maendeleo ni watu. Fundisho hilo lina madai matatu mbele ya mashine.

Kwanza, madhara yapimwe kabla, siyo baada. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Kenya iliona utoaji wa kadi za Huduma haukuwa halali, kwa kuwa Serikali haikutathmini kwanza athari zake kwa faragha za watu.

Pili, taarifa iliyotolewa kwa kazi moja isigeuzwe kwa kazi nyingine kwa siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mwananchi haki ya kujua taarifa zake na kudai zisahihishwe. Haki isiyofahamika kijijini ni maandishi tu.

Tatu, mashine inaposhindwa, awepo mtumishi wa umma mwenye mamlaka ya kusikiliza na kuamua.

Alama ya kidole cha mchimbaji si mali ya ofisi. Ni amana. Na mwenye kukabidhiwa amana ndiye anayepaswa kutoa hesabu, siyo mwenye mali.