Kupima Uwezo wa Aliyepooza



Kiharusi kikimshika mvuvi wa Minago, wa Rumonge au wa popote mwambaoni mwa ziwa letu la Tanganyika, kikamlemaza mkono na mguu wa upande mmoja, naye akaanza kufanyizwa mazoezi, jamaa zake huuliza swali la haki: je, anapata nafuu au yupo palepale? Ili jawabu lisitegemee huruma ya mtazamaji, mwaka 1965, huko Maryland, Marekani, Florence Mahoney na Dorothea Barthel walitangaza kipimo cha mambo 10, mathalani kula, kuoga, kuvaa, kutoka kitandani hadi kitini na kupanda ngazi, ambacho jumla ya alama zake huanzia 0 na kukoma 100. Nacho kimekwisha kutumika hata kwa jirani zetu wa Tanzania, katika utafiti wa kiharusi wilayani Hai.

Lakini tarakimu zina hadaa yake. Alama 5 za kuoga peke yako na alama 5 za kupanda ngazi kwa kushikiliwa zaandikwa sawasawa, ilhali jasho lake si moja. Maana hizo ni daraja tu, mfano wa mitumbwi iliyoshindana, ambapo kumjua wa kwanza na wa pili hakukuambii wameachana pima ngapi. Mwanahesabu wa Denmark, Georg Rasch, katika kitabu chake cha mwaka 1960, ndiye aliyeonyesha njia ya kukadiria uwezo wa mtu na ugumu wa kila jambo juu ya mstari mmoja, hata masafa baina yao yakawa na maana.

Njia hiyo hufichua pia swali lisilowafaa watu wa mahali. Nyumba nyingi za huku kwetu hazina ngazi. Kazi ipo katika kuchutama chooni na kuinuka, kuvuka ukingo wa mtumbwi unaoyumba, kuinama kugeuza ndagala juani. Kipimo kisichouliza hayo, kwa rai yangu, humdhulumu mgonjwa wetu.

Basi nawasihi, enyi mnaouguza: mkiulizwa na mtaalamu wa mazoezi, msiseme mgonjwa angeweza nini, semeni jana alifanya nini kwa mikono yake mwenyewe, na nani alimshika.