Kuwaandaa Vijana wa Katavi kwa Ziara ya Hekalu la Wabudha



Kijana wa Mpanda anayetaka kuwaona Wabudha nyumbani kwao hana budi kupanda treni, apite Kaliua na Tabora mpaka Dar es Salaam, kisha aulize njia ya Upanga. Hekalu la huko lina asili ya Wasinhala waliokuja kutoka Ceylon, Sri Lanka ya leo, enzi za ukoloni. Nauli tutaijadili baadaye. Swali ninalokutana nalo zaidi ni la wazazi: mwanangu akivua viatu mbele ya sanamu, si atakuwa ameabudu?

Jibu langu ni hapana. Viatu huvuliwa hata msikitini, na Mkristo aliyealikwa kwenye ndoa huko huvivua bila kusilimu. Kupiga magoti au kuinama kifudifudi ni jambo jingine, na mgeni halazimiki kulifanya. Akae kimya, asinyooshe miguu kuelekea sanamu, wala asipige selfi akiwa ameipa mgongo. Kwa Wabudha wa Sri Lanka, huo ni utovu mkubwa wa adabu. Sanamu yenyewe si ya Mungu muumba. Ni ya Siddhartha Gautama, mwalimu ambaye wafuasi wake wanasema alipata mwangaza akiwa chini ya mti huko Bodh Gaya, India.

Mti huo ni wa jamaa ya mikuyu, na Wabudha huuheshimu sana: huweka maua na taa shinani pake. Hapa sisi wa Katavi tusijifanye wageni. Kando ya Ziwa Katavi, ndani ya hifadhi, upo mkwaju unaosemekana kukaliwa na roho ya mwindaji Katabi, na watu hupeleka sadaka pale. Imani hizi mbili hazifanani: wa mkwaju humwomba Katabi baraka, Mbudha humkumbuka mwalimu wake. Lakini mtoto aliyefunzwa kutochezea sadaka za mkwajuni hahitaji somo refu la namna ya kusimama Upanga.

Vijana waulize kwanza juu ya maisha ya kila siku. Kwa nini mtawa hali chakula kigumu baada ya adhuhuri? Zile amri tano, za kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo na kutotumia vileo, muumini wa kawaida anazishikaje mjini? Maswali ya namna hii hufungua mazungumzo. Anayekwenda kushindana maandiko abaki nyumbani, atatuokolea nauli.

Wapo pia wanaosema hii ni dini ya Waasia tu. Lakini mtawa Bhante Buddharakkhita ni Mganda, na mwaka 2005 alianzisha kituo cha Wabudha karibu na Entebbe. Kwetu, ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa imani, na haibagui kabila wala asili yake.

Basi, walimu, andikeni barua hekaluni mapema, mtaje umri wa wanafunzi na muombe mtu wa kuwaongoza. Mkipeleka chakula cha watawa, kifike kabla ya saa sita mchana. Na ridhaa ya kila mzazi ipatikane kwa maandishi kabla tiketi hazijakatwa.