Msonobari na Msichana wa Shambani: Kuzisoma Pamoja Picha za Mandhari na Picha za Watu, Canada 1912–1935



Anayeifahamu sanaa ya Canada, ukimwomba akutajie picha moja tu, aghalabu atakutajia mti. Ni The Jack Pine ya Tom Thomson, iliyochorwa mwishoni mwa 1916 kuingia 1917: msonobari mmoja juu ya mwamba, nyuma yake ziwa, vilima na mbingu ya magharibi iliyopakwa kwa mikanda mipana ya rangi. Mtu hayumo. Hoja yangu ni kwamba picha hii, pamoja na kizazi kilichoizaa, haieleweki sawasawa mpaka iwekwe kando ya picha za watu zilizochorwa karibu na miaka hiyo, ambazo zimekaa kivulini kwa muda mrefu mno.

Tuanze na ufundi, maana Thomson alikuwa fundi hasa. Alikuwa mwajiriwa wa Grip, kampuni ya usanifu wa matangazo mjini Toronto, na hapo ndipo alipofahamiana na J.E.H. MacDonald, Arthur Lismer, Frederick Varley na wengine. Kuanzia 1912 alikuwa akienda kaskazini, kwenye hifadhi ya Algonquin, akisafiri kwa mtumbwi na sanduku dogo la rangi. Alichora papo hapo, juu ya vibao vyenye upana usiofika sentimeta 30. Ukivitazama kwa karibu utaona brashi imepita mara moja na kuachwa. Hapa na pale mbao tupu imebaki wazi kati ya rangi mbili, nayo inafanya kazi kama rangi ya tatu. Baridi ikiingia alirudi Toronto, kwenye kibanda kilichokuwa nyuma ya jengo la studio za wasanii, akakuza vibao vichache kuwa turubai kubwa. The Jack Pine ina urefu na upana unaozidi mita moja. Kwenye kingo za matawi yake rangi nyekundu ya chini inachungulia, na wekundu huo ndio unaoufanya mti uonekane kuwaka dhidi ya maji.

Moyo wa kuichora kaskazini kwa namna hii ulipata nguvu Januari 1913, pale mchoraji Lawren Harris na MacDonald walipokwenda Buffalo, Marekani, kutazama maonyesho ya wachoraji wa Skandinavia. Waliona theluji, misitu na maziwa kama ya kwao yakichorwa kwa rangi kali, bila kuiga mashamba tulivu ya Ulaya. Thomson alifariki Julai 1917 katika ziwa Canoe, akiwa na miaka 39. Mei 1920 rafiki zake walifanya maonyesho yao ya kwanza Toronto kwa jina la Group of Seven.

Sasa turudi kwenye ule utupu wa picha isiyo na mtu. Msitu wa Algonquin haukuwa pori lisiloguswa. Wakata mbao walikuwa wamevuna misonobari yake tangu karne ya 19, na Waalgonquin waliishi na kuwinda huko karne nyingi kabla ya hifadhi kutangazwa mwaka 1893. Thomson aliyajua hayo; mwaka 1916 alifanya kazi huko ya kulinda msitu dhidi ya moto, na picha yake The Drive inaonyesha magogo yakisafirishwa kwa maji. Ila mti wa peke yake ndio uliopewa kazi ya kuiwakilisha nchi, hata ukafika kwenye stempu ya posta mwaka 1967. Taifa changa lilichagua kujitazama bila watu, na uchaguzi huo haukuwa wa bahati mbaya.

Upande wa pili, ule wa picha za watu, uko Montreal. Mwaka huohuo wa 1920 liliundwa kundi la Beaver Hall, ambamo wanawake walionyesha kazi zao bega kwa bega na wanaume. Group of Seven haikuwahi kumpokea mwanamke hata mmoja kama mwanachama. Kundi la Beaver Hall halikudumu, lakini wachoraji wake waliendelea. Kati ya wachoraji wanaohusishwa na kundi hilo, kwangu mimi aliye mbele ni Prudence Heward. Itazameni Rollande, ya 1929: msichana wa shambani, Quebec, amevaa aproni ya waridi, mikono kiunoni, nyuma yake ua na majengo ya shamba. Hatabasamu. Kingo za mwili wake ni ngumu kama za mwamba wa Thomson, na rangi imebanwa kwa nguvu ileile. Shamba limekuwa mandhari yake. Yeye si pambo la shamba. Kwa uamuzi wangu, picha hii inastahili umaarufu sawa na ule wa msonobari.

Hata hivyo Heward naye asomwe kwa macho makavu. Mwaka 1935 alimchora mwanamke mweusi akiwa uchi, katikati ya majani, akaiita picha hiyo Dark Girl. Rollande ana jina; huyu amepewa rangi ya ngozi tu. Huzuni iliyo usoni mwake imechorwa kwa ustadi mkubwa, na ndiyo maana kukosekana kwa jina kunauma zaidi.

Mchoraji Emily Carr wa Victoria anahitaji mada yake mwenyewe. Niseme tu kwamba alizichora nguzo za kuchongwa za Wahaida na jamii nyingine za pwani ya magharibi akiamini kuwa zinatoweka, wakati ambapo sheria ya Canada iliwapiga marufuku wenye nguzo hizo kufanya sherehe zao za potlatch, tangu 1885 hadi 1951. Wenye nguzo hizo wapo hadi leo.

Walimu wenzangu wa sanaa, ombi langu ni moja. Mkifundisha kipindi hiki, msiuonyeshe msonobari peke yake. Wekeni Rollande kando yake, na Dark Girl pia, kisha waacheni wanafunzi waulize nani alichorwa, nani aliachwa nje ya fremu, na kwa faida ya nani.